Shangazi wa Stoo na Kadi ya Kijani

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa ya kutoka kazini, mtunza stoo wa klabu yetu ya michezo atakabidhi funguo na kwenda nyumbani. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika kiwanda hiki cha nyuzi. Kwenye karatasi za mishahara ana jina lake kamili na la baba yake, lakini ukilitaja hilo hapa kiwandani hata mlinzi wa getini atakuuliza, "Nani huyo?" Sema Shangazi, utasindikizwa mpaka mlangoni kwake.

Alianza kazi katika kitengo cha ufungashaji, akikunja na kupanga mafungu ya nyuzi kama wengi wetu. Mwaka wasichana wa kiwanda walipoanzisha timu ya mpira wa mikono, kiwanja kilikuwa uani nyuma ya boila, mistari ya chokaa, na nyavu za golini zilikuwa za magunia. Walihitaji mtu wa kuangalia viatu na mikoba yao pembeni. Shangazi akaombwa akae hapo kwa mechi moja tu. Mwenyewe husema mechi hiyo moja haijaisha mpaka leo.

Hajawahi kucheza. Hajawahi kuurusha mpira golini hata kwa utani. Lakini kila mchezaji aliyepita timu hii amevaa jezi iliyopita mikononi mwake, na wengi wamelia begani kwake, na wachache wamefukuzwa stoo kwake kwa kuingia na viatu vyenye matope. Sheria hiyo haina mkubwa wala mdogo. Meneja utumishi mwenyewe aliwahi kusimama mlangoni na soksi zake, moja ina tundu, akisubiri kuruhusiwa.

Waliokuwepo wanaikumbuka habari ya namba tisa wawili. Jezi mpya zilikuja na namba zimekatwa pembeni, hazijashonwa. Shangazi akazipeleka kwake, akazishona Jumapili nzima huku mjukuu akimning'inia mgongoni. Siku ya mechi, tisa akafunga goli. Refa akatazama: tisa huyu hapa, na tisa mwingine yule kule. Sita ilikuwa imeshonwa kichwa chini. Refa akauliza ni tisa yupi, wote wawili wakanyoosha mkono. Shangazi akasimama kwenye benchi akasema jambo lenyewe ni dogo, mmoja wao acheze kichwa chini na mechi iendelee. Refa alicheka mpaka filimbi ikamtoka mdomoni. Tuliandikiwa onyo hata hivyo.

Na gundi, nani asiyeijua gundi yetu? Wasiofuatilia mchezo huu waelewe kwamba wachezaji hupaka gundi kidogo vidoleni ili mpira usiteleze. Mpira unashikika vizuri, ila sakafu ya ukumbi inabaki na madoa yanayong'ang'ania soli. Ukumbi tunaochezea si wetu. Jumatatu unatumiwa na watoto wa mazoezi ya viungo, Jumamosi kuna mikutano. Msimamizi wa ukumbi alitaka kutufukuza. Shangazi alimfuata ofisini kwake na chupa ya mafuta ya kupikia, kitambaa na ndoo ya maji ya sabuni, akamwongoza mpaka ukumbini, akapiga magoti na kumwonyesha: mafuta kwanza, kitambaa, kisha sabuni. Doa likatoka. Tangu siku ile, kila mechi ikiisha, tushinde tushindwe, yeye ndiye wa mwisho kutoka ukumbini, yuko chini na kitambaa chake. Msimamizi hajasema tena neno la kufukuza mtu.

Shangazi ni mpole, lakini usimjaribu. Mchezaji aliyewekwa benchi akinuna, anaambiwa abebe mipira. Mchezaji anayefanya kazi ofisini akijiona, anaambiwa mpira haujui kwamba yeye ni sekretari. Sisi wenye watoto alitutetea bila kuombwa. Alipoona mlinda mlango wetu amerudi kazini na mtoto mchanga na ananyonyesha amesimama nyuma ya kabati la jezi, alikwenda kwa meneja kuomba pazia. Meneja akamjibu kwamba stoo si hospitali. Shangazi akasema, "Najua bosi, ndiyo maana sijaomba kitanda. Nimeomba pazia." Pazia likapatikana. Ni la bluu, limetundikwa kwenye kona ya nyuma, na nyuma yake kuna kiti na kikapu cha mipira iliyopasuka kilichotandikwa blanketi. Watoto wengi wa timu hii wamelala humo. Ninayeandika maneno haya najua ninachokisema, maana wa kwangu analala humo sasa hivi na ninaandika haraka kabla hajaamka.

Sasa tufike kwenye msimu huu, maana hauwezi kusimuliwa bila yeye, wala yeye hawezi kuagwa bila huo.

Mwanzoni mwa msimu wa ligi kuu ya wanawake, meneja alituita kwenye ukumbi wa chakula. Alisema wazi kwamba uongozi umechoka kuigharamia timu ya kuburuza mkia. Tukibaki ligi kuu, timu itaendelea. Tukishuka daraja, itafungwa, jezi zitagawiwa na stoo itafanywa chumba cha mafaili. Shangazi alikuwa amekaa nyuma kabisa. Alikuwa ameshapokea barua ya kustaafu, na msimu ungekwisha wiki chache kabla ya yeye kuondoka. Aliinuka, akaomba radhi kwa kumkata bosi, akasema ana ombi moja tu katika maisha yake yote ya kazi. "Siku yangu ya mwisho nataka kukabidhi funguo kwa mtu. Sitaki kuziacha kwenye kufuli."

Basi. Tukacheza msimu mzima na maneno hayo masikioni.

Inabidi nieleze kidogo kuhusu kadi ya kijani, kwa sababu yote yaliyofuata yaliipitia hiyo. Katika mpira wa mikono, timu yenye mpira inaweza kusimamisha mchezo kwa dakika moja ili kocha aongee na wachezaji wake. Mtu wa benchi anaiweka kadi ya kijani juu ya meza ya waamuzi, king'ora kinalia, kila kitu kinasimama. Kikishalia kimelia. Hata kama mchezaji wako yuko hewani na mpira unaingia golini, goli hilo halihesabiwi.

Timu nyingine, kadi anakaa nayo kocha. Kwetu sivyo. Kocha wetu, tunayemwita Kofia kwa sababu hajawahi kufika mazoezini bila ile kofia yake, ni mtu mzuri mwenye hasira za karibu. Miaka ya nyuma aliwahi kuivurumisha kadi jukwaani, shabiki akaondoka nayo kama kumbukumbu. Kuanzia hapo kadi ikawa kwa Shangazi, anayekaa mwisho wa benchi karibu na meza. Walikubaliana ishara. Kofia akivua kofia, Shangazi anaweka kadi. Imekuwa hivyo miaka na miaka na haijawahi kuharibika.

Iliharibika katikati ya msimu huu.

Tulikuwa nyuma kwa goli moja, sekunde zinakwisha, mpira wetu. Mchezaji wetu wa pembeni kushoto, yule mdogo mwembamba anayewaka haraka tunayemwita Kiberiti, alikuwa amepata nafasi kwenye kona. Joto lilikuwa kali ukumbini, jasho linamtiririka kocha machoni. Akavua kofia, akajifuta uso. Shangazi, macho yake yako kwenye kofia kama siku zote, akaweka kadi. King'ora kikalia Kiberiti akiwa hewani. Mpira ukaingia, wavu ukatikisika, watu wakapiga kelele, na mwamuzi akapunga mikono. Hakuna goli. Tulirudi kucheza sekunde zilizobaki, hatukupata nafasi nyingine kama ile, tukapoteza mechi.

Kiberiti alitutangulia chumba cha kubadilishia nguo. Alirusha kiatu ukutani. "Goli langu limeliwa na bibi wa stoo! Mwezi mzima nafanya mazoezi ya kona ile, halafu linaliwa na mtu ambaye hajui hata kudundisha mpira!" Hakuna aliyemnyamazisha. Tuliokaa benchi tulikuwa tumeiona kofia ikitoka kichwani. Tulimtazama kocha, na kocha alitazama vidole vya miguu yake.

Shangazi naye aliiona, maana ndiyo kazi aliyopewa, kuiona. Neno moja tu lingemtoa lawamani. Alisema, "Kadi ilikuwa mkononi mwangu," akaanza kukusanya jezi zenye jasho. Kiberiti akaivua ya kwake na kuitupa sakafuni. Akaiokota na hiyo.

Wiki zilizofuata zilikuwa chungu kwake. Kwenye foleni ya chakula wapo waliokuwa wakiiga king'ora akipita na sahani yake. Wapo waliomwita Mama Kijani. Yeye alijibu salamu za kila mtu na kula chakula chake mpaka mwisho. Kadi alimrudishia kocha, akasema mikono yake imezeeka, itosheke na sabuni. Kiberiti hakumsalimia. Hata hivyo jezi ya Kiberiti ilikuja mazoezini imefuliwa na kunyooshwa kama za wengine, na tundu la kwapani lililokuwepo tangu mwanzo wa msimu tukaliona limezibwa. Kiberiti aliligusa lile tundu kwa kidole muda mrefu.

Timu ilipanda na kushuka. Tulifungwa na mabingwa vibaya, tukawakamata walio katikati ya msimamo, tukashinda mbili mfululizo ambazo hakuna aliyezitegemea, hasa kwa sababu ya Kabati. Kabati ni mchezaji wetu wa katikati, anayesimama kwenye mstari wa eneo la goli la wapinzani akiwa amewapa mgongo walinzi wao. Ukimsukuma, unajisukuma mwenyewe. Mwisho wa hesabu zote, ikabaki mechi moja, kwenye ukumbi wetu, dhidi ya timu iliyokuwa hatua moja juu yetu. Tukishinda tunabaki. Sare, tunashuka, wao wanabaki.

Siku hiyo, tukiwa tumeshavaa, kocha alibisha hodi chumbani kwetu. Akaingia, akavua kofia na kuishika kwa mikono miwili. Upara wake, ambao kwenye mechi huonekana kwa sekunde moja tu, siku ile tuliuona vizuri. Alisema, "Mechi ile ya goli la Kiberiti, kofia niliivua mimi. Nilikuwa najifuta jasho. Shangazi alifanya nilichomwonyesha, na mimi nikamwacha abebe. Nimekuja kuisema kabla hatujatoka hapa, kwa sababu tukishinda nitaonekana shujaa na nitaona aibu zaidi." Kisha akatoa kadi mfukoni, akaenda mpaka pale Shangazi alipokuwa akifunga kamba za mfuko wa mipira, akamnyooshea. Shangazi alimtazama kidogo, kama mama anavyomtazama mtoto aliyerudisha sahani aliyoificha baada ya kuipasua. Akaipokea. "Vaa kofia yako baba, usije ukapata mafua," alisema, na chumba kizima kikalipuka kwa kicheko.

Kiberiti peke yake hakucheka. Alimfuata Shangazi, akasimama mbele yake, akaanza, "Shangazi, siku ile..." Shangazi akamgeuza, akamchomekea jezi vizuri kwenye bukta. "Nenda kacheze mwanangu. Utaniambia baadaye."

Mechi yenyewe sitaisimulia yote. Nilikuwa ndani na mengine sikuyaona vizuri kwa sababu ya jasho. Tulitangulia, wakasawazisha, wakatangulia, tukasawazisha. Mmoja wetu alitolewa dakika mbili kwa kumvuta mpinzani jezi, tukacheza pungufu na tukanusurika. Dakika ya mwisho ilipoingia matokeo yalikuwa sare, na sare ilikuwa inatuua. Mpira ulikuwa wetu. Mashindano yote ya msimu, pazia la bluu, kikapu, stoo nzima, vyote vilikuwa kwenye shambulio lile moja.

Kofia alitaka kusimamisha mchezo atupange. Kocha yeyote angetaka hivyo. Akavua kofia, na safari hii hakuwa anajifuta jasho. Aliipunga.

Waliokuwa benchi ndio waliotuhadithia kilichotokea. Shangazi hakuwa anaiangalia kofia. Alikuwa anaangalia uwanjani. Aliona walinzi wawili wamemkimbilia Kiberiti kwenye kona, kwa sababu msimu mzima wanajua ile ni kona yake. Aliona Kabati amebaki na mlinzi mmoja mgongoni na mkono wake umeinuka. Kocha akapiga kelele, "Shangazi, kadi! Kadi, Shangazi!" Akamwona anaisogeza kadi, akadhani sasa anaiweka mezani. Shangazi aliiweka chini ya makalio yake, akaikalia, akakunja mikono kifuani.

Kiberiti hakurusha. Aliupitisha mpira chini, katikati ya miguu ya walinzi wale wawili, ukamdundia Kabati mkononi. Kabati akageuka na mlinzi wake akageuka naye kama mlango na bawaba zake. Goli.

Wao walianza haraka katikati. Mpira wao wa mwisho ulitoka mbali, ukampita mlinda mlango wetu ambaye sina haja ya kumtaja, ukagonga nguzo, na king'ora kikalia mpira ukiwa unadunda mbali na goli. Sauti ile iliyomsumbua Shangazi kwenye foleni za chakula wiki zile zote, siku hiyo ilikuwa tamu kuliko muziki.

Kocha alimfikia kabla yetu. Alikuwa anacheka na kulia na kufoka kwa wakati mmoja. Kwa nini hakuweka kadi? Hakuiona kofia? Shangazi akajibu, na meza nzima ya waamuzi ikasikia: "Siku ile niliangalia kofia yako. Leo niliangalia wasichana wangu."

Kiberiti alikuja mbio na kumkumbatia kwa nguvu hata wote wawili wakaanguka na benchi. Alichomwambia kule chini hatukukisikia, wala hakituhusu.

Tulipokuwa bado tunaruka na kuimba, tukashtuka Shangazi hayupo. Alikuwa ameshashuka na chupa ya mafuta na kitambaa, yuko kwenye magoti mbele ya goli lile lile la Kabati, anatoa gundi. Kabati akapiga magoti kando yake. Kisha Kiberiti. Kisha sote, na kocha na kofia yake, tukasugua sakafu ile tukiwa bado na jezi za mechi. Shangazi hakufurahi hata kidogo. "Mafuta hayo kwenye jezi atafua nani? Mnadhani nastaafu leo?"

Ombi lake limetimia. Funguo za stoo hatazikabidhi kwa kufuli. Atazikabidhi kwa Kiberiti, aliyeomba kazi hiyo mwenyewe na ataifanya pamoja na kucheza. Ameshafundishwa mafuta kwanza, sabuni baadaye. Ameshafundishwa kutofautisha sita na tisa. Ameambiwa pazia la bluu lifuliwe kila wiki na asimwulize mama yeyote kwa nini amechelewa, amfungulie tu. Na meneja ameshapita kuangalia makabidhiano, kwa soksi mpya.

Tunamshukuru mume wake, fundi baiskeli, aliyekula chakula cha jioni kimepoa kila siku ya mechi na bado akaja ukumbini kushangilia. Tunawashukuru wanawe na wajukuu waliotuazima mama na bibi yao. Kadi ya kijani tumempa aende nayo. Ina mkunjo katikati, hatukuunyoosha, na mezani tumeshaweka mpya.

Shangazi, umetufulia, umetushonea, umetugombeza, umetushikia watoto, na lawama isiyo yako uliibeba bila kumgeuzia mtu kibao. Ahsante haitoshi lakini ndiyo tuliyonayo, ahsante sana. Kakae kwenye kiti chenye mgongo sasa, benchi limekuchosha. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na siku nyingi za furaha na watu wako. Na siku utakayotukumbuka, pita. Usiangalie kama kuna kufuli. Bisha hodi tu, vua viatu, atakufungulia mtu.